Jengo la moduli huanzia kiwanjani

Watu wakijua kwamba kazi yangu ni ukadiriaji majenzi, siku hizi hawaniulizi tena bei ya nondo. Wananitumia picha: kijumba cheupe chenye madirisha ya alumini, kimekaa juu ya nyasi zilizokatwa vizuri, na chini yake bei kwa dola. "Kaka, hii vipi, inafaa?" Anayeuliza ni mwalimu mkuu aliyeishiwa madarasa, au daktari anayetaka kufungua kliniki kwenye kiwanja cha kukodi, au kijana aliyerudi kutoka Muscat na akiba yake. Naelewa kinachowavuta. Ujenzi wetu wa kawaida unachosha. Fundi anapotea, saruji inapanda bei, msingi unakaa miaka ukiota majani. Halafu anatokea mtu anakwambia jengo lako litaletwa likiwa tayari na baada ya wiki chache utahamia.

Ahadi hiyo inawezekana kabisa, na ndiyo maana nataka niiandikie kwa kirefu. Majengo haya ya moduli, yaani yanayotengenezwa kiwandani kwa vipande vikubwa kisha kuletwa kiwanjani, yanafanya kazi. Yamewahifadhi watu kwenye kambi za migodi na za ujenzi wa barabara kwa miaka mingi, na mengine yanahamishwa kutoka mradi mmoja hadi mwingine bado yakiwa imara. Lakini yanafanya kazi pale ambapo mnunuzi amemaliza kazi yake kabla muuzaji hajaanza ya kwake, na hiyo kazi ya mnunuzi hakuna anayekutumia picha yake.

Mwanzoni mwa 2020 dunia nzima ilitazama video za hospitali ya Huoshenshan mjini Wuhan, China, yenye vitanda 1,000, ikisimama kwa takriban siku kumi. Wengi wanakumbuka masanduku meupe yakipangwa na kreni. Mimi nakumbuka zaidi kilichotangulia: matingatinga yamejazana kiwanjani yakisawazisha ardhi, mchanga ukimwagwa, karatasi nzito za plastiki zikitandikwa ili maji machafu yasipenye chini, kisha zege. Masanduku yalikuja kukalia kitu kilichokwisha kuandaliwa. Ukiona jengo la haraka popote duniani, tafuta nani alifika kiwanjani mapema, na alikuja na nini.

Kabla ya kiwanja, ujue unauziwa nini, maana mtaani vitu vitatu tofauti vinatembea kwa jina moja. Kuna kontena la meli lililokatwa milango na madirisha. Kuna moduli ya fremu ya chuma, ambayo kuta zake ni paneli za bati pande mbili na kiini laini katikati. Hii huja ikiwa imefungwa bapa au imeshaunganishwa kiwandani. Na kuna paneli za EPS, yaani povu jeupe jepesi, zenye wavu wa nyaya pande zote mbili, kama zile zinazotoka kwenye kiwanda cha Shirika la Nyumba la Taifa la Kenya kule Mavoko. Hizi husimamishwa kwenye eneo la ujenzi, zikapigwa plasta ya saruji na kuwa nyumba ya kudumu kama nyumba nyingine. Hiyo ya tatu haihami. Nimekutana na mtu aliyeahidiwa jengo la kuhamishika akaletewa mchoro wa kuta za plasta, na aliyemuuzia hakuona tatizo lolote kwa sababu "zote ni prifabu", yaani zimetengenezwa tayari. Kama mkataba wako wa kukodi kiwanja ni wa miaka mitano, tofauti hiyo ndiyo biashara yako yote.

Mfano ninaotaka kuukalia ni wa zahanati. Umoja wa wazawa wa kijiji kimoja Mkoa wa Pwani, ndani kidogo kutoka barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, walichanga fedha. Wengine wako Dar, wengine Uingereza, wengine Oman. Walitaka vyumba vya kliniki ya mama na mtoto viongezwe kwenye zahanati iliyopo, na tayari walikuwa na profoma, yaani hati ya bei ya muuzaji, mkononi: makontena mawili ya futi 40, yamepakwa rangi, yana viyoyozi na sakafu ya vinili. Waliniomba nikague bei. Niliwaomba kwanza tukutane kijijini, na tumwite nesi anayefanya kazi pale kila siku, maana katika kikao chote cha simu jina lake halikutajwa hata mara moja.

Tulichora jengo chini kwa chokaa na kamba, kwa vipimo vyake halisi. Kontena la kawaida lina upana wa mita 2.44 kwa nje na mita 2.35 kwa ndani. Ukiweka kizuia joto cha sentimita tano kila upande na ubao wa kufunikia, unabaki na mita 2.2 hivi. Kwenye mchoro wa muuzaji namba hizo zinapita bila mtu kuzitazama. Chini, kwenye vumbi, haziwezi kupita. Nesi aliomba benchi la wagonjwa liletwe, akaliweka mahali pa kitanda cha uchunguzi. Akaweka kiti cha plastiki mahali pa meza yake, akamwita mama mmoja aliyekuwa amebeba mtoto mgongoni na kumwambia apite. Mama alipita kwa ubavu. Kisha nesi akasimama kwenye mstari wa mlango na kuuliza, "Sasa huyu akizidiwa, machela inageukia wapi?"

Hakuna aliyemjibu, na tangu hapo majadiliano yakawa mengine kabisa. Chumba cha kipimo hicho kinafaa kwa ofisi, stoo ya dawa au mapokezi. Kwa kitanda, meza, sinki, mgonjwa na msindikizaji wake, unahitaji moduli pana zaidi, au mbili zilizounganishwa ubavuni. Na ukiunganisha makontena mawili kwa kuondoa ukuta wa kati, unapaswa kujua kwamba ule ukuta wa bati lenye mikunjo ndio unaoshika paa na sakafu visilegee katikati. Kontena hubebana kwenye nguzo zake nne za pembeni, lakini kuta zake zinafanya kazi pia. Ukizikata, lazima chuma kingine kichukue mzigo, na lazima mhandisi akichore. Kwenye profoma ile palikuwa na maneno mawili tu: "ukuta kuondolewa".

Njia hii ya chokaa naipendekeza kwa kila mtu, hata kama ni kliniki ya chumba kimoja au duka. Waite watakaolitumia jengo wenyewe: mwalimu, mpishi, mfamasia, mtu wa usafi. Waje na viti vyao. Utajifunza zaidi kwa asubuhi moja kuliko kwa barua pepe za mwezi mzima. Kwa zahanati kuna hatua nyingine isiyorukwa, nayo ni kwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kabla ya kuchagua chochote. Wizara ya Afya ina ramani na viwango vyake vya vyumba, na jengo lisiloendana navyo linaweza kukaa pale likingoja ruhusa ya kutumika.

Ndipo tukageukia ardhi yenyewe. Moduli haipendi ardhi yenye tabia. Nyumba ya tofali ikishuka kidogo upande mmoja inapasuka plasta na maisha yanaendelea. Moduli ikishuka, fremu inapinda, na milango ndiyo inayosema kwanza: unaanza kuuinua mlango kwa mkono ili ufunge, kisha dirisha linakwama, kisha maji yanapata njia kwenye maungio ya paneli. Kwa hiyo vile vitalu vya zege au nguzo fupi za kukalia moduli vinapaswa kupimwa kwa leveli, vyote viwe kimo kimoja, na viwe kwenye udongo ulioshindiliwa. Ukiwa kwenye udongo mweusi wa mbugani, ule unaovimba masika na kupasuka nyufa kiangazi, fuata ushauri wa mhandisi wa udongo hata kama muuzaji anasema jengo lake ni jepesi. Wepesi hauusaidii udongo ule kutulia. Kitu chepesi hunyanyuliwa nao kirahisi zaidi.

Mimi nashauri pia jengo liinuliwe, angalau kiasi cha mtu kuweza kuingiza kichwa na tochi chini yake. Pwani tuna mchwa, tuna mvua zinazotembea juu ya ardhi, na tuna chuma kinachoshika kutu mahali ambapo hewa haipiti. Sakafu ya kontena la meli ni mbao za plaiwudi zenye unene wa milimita 28, ambazo mara nyingi zimewekwa dawa ya wadudu kwa ajili ya safari za baharini. Kwa chumba cha watoto wachanga nilitaka mbao hizo ziondolewe au zifunikwe ipasavyo, na muuzaji aandike kwa maandishi ni dawa gani iliyotumika. Muuzaji aliona ni usumbufu. Kwangu lilikuwa sharti.

Na njia ya kufika. Kutoka lami hadi zahanati kuna barabara ya vumbi yenye kalavati nyembamba, mwembe mkubwa unaotanda juu ya njia, na waya wa umeme unaokatiza karibu na soko. Kontena la futi 40 lina urefu wa zaidi ya mita 12. Juu ya trela halikati kona ile. Tulikwenda na utepe, tukapima kalavati, tukapima kimo cha waya kutoka chini, tukapima nafasi ya kreni kusimama na kutandaza miguu yake. Watu wengi hudhani kreni ya tani 25 inanyanyua tani 25. Inanyanyua uzito huo mzigo ukiwa karibu kabisa na kiuno chake. Ikinyoosha mkono kuvuka ukuta na bustani, uwezo unashuka hadi sehemu ndogo ya hapo. Kontena tupu la futi 20 ni zaidi ya tani mbili, na la futi 40 linakaribia nne kabla hujaweka kuta za ndani, sinki na viyoyozi. Swali la kreni linaulizwa kabla ya kuchagua ukubwa wa moduli. Kwetu pale, lenyewe liliondoa futi 40 mezani.

Siku hiyo hiyo mzee mmoja wa kamati, ambaye muda wote alikuwa amekaa kimya chini ya mti, alimwita kijana wa kampuni aliyekuja na vipeperushi.

"Mwanangu, hili jengo linakuja na choo?"

"Ndiyo, mzee, choo cha kisasa kabisa, kimo ndani."

"Na shimo?"

"Shimo mtachimba wenyewe, mzee."

"Na maji ya kusukumia?"

Kijana akasema maji ni juu ya mteja.

Nikafungua daftari, tukaendelea na mtindo wa mzee. Nani analeta umeme kutoka nguzo ya TANESCO hadi kwenye jengo, nani ananunua waya, na mzigo wa viyoyozi unahitaji laini ya aina gani? Nani anafukia nondo ya shaba ya ethi, ile inayopeleka ardhini umeme uliovuja, ambayo kwenye jengo la chuma ni jambo la uhai? Nani anajenga tenki na mnara wake? Nani anajenga ngazi na njia ya mteremko kwa kiti cha magurudumu, maana sakafu sasa iko juu? Maji ya mfereji wa paa yanakwenda wapi? Kreni inalipwa na nani, na ikikaa siku mbili kwa sababu ya mvua, siku ya pili ni ya nani? Karibu kila jibu lilikuwa "mteja". Sikumlaumu kijana yule. Kampuni yake inauza sanduku, na sanduku lake lilikuwa zuri. Lakini kamati ilikuwa imechangisha fedha za sanduku ikidhani inachangisha fedha za zahanati. Tulipoweka thamani kwenye kila "mteja", gharama zilizo nje ya profoma zilikuwa kubwa kiasi cha kuwanyamazisha waliokuwa na haraka ya kulipa.

Ndiyo maana kitu cha kwanza ninachoandika kwa mnunuzi ni ukurasa mmoja wenye safu mbili, kazi ya muuzaji na kazi ya mnunuzi, na hakuna kitu kinachoruhusiwa kukaa katikati. Bomba la maji taka linatoka kwenye moduli upande gani, kimo gani, kipenyo gani? Andika. Waya wa umeme unaingilia pembe ipi? Andika. Ukurasa huo uwe sehemu ya mkataba na usainiwe. Migogoro mingi ya majengo haya niliyoisuluhisha ilitokea kwenye nusu mita iliyo kati ya ukuta wa moduli na kitu cha kwanza kilichochimbwa ardhini.

Kuhusu joto nina msimamo mkali, kwa sababu nimeona watoto wakisoma ndani ya bati saa saba mchana mwezi wa Februari. Dar na Pwani jua la mchana linakaa karibu kabisa na utosi, kwa hiyo paa ndilo linalobeba joto kubwa. Kiyoyozi ni jibu la mwisho, na umeme ukikatika siyo jibu tena. Weka paa la pili la bati juu ya moduli, lenye uwazi unaopitisha upepo katikati na varanda zinazotoka nje vya kutosha kuzitia kuta kivuli. Lilaze jengo lenye urefu wake kutoka mashariki kwenda magharibi, ili jua la asubuhi na jioni lipige ubavu mfupi, na madirisha yaangalie kaskazini na kusini, yapate kaskazi na kusi kwa misimu yake. Ukichukua kontena, chukua lile refu lenye kimo cha mita 2.9 kwa nje. Ule ukubwa wa ziada wa sentimita 30 unausikia kichwani. Paa la pili linapunguza pia kelele za mvua, ambazo kwenye kliniki zinamfanya daktari asisikie mapigo ya moyo. Karibu kila profoma ninayoletewa haina paa hilo.

Halafu kiini cha paneli. Muulize muuzaji ndani ya ukuta kuna nini, na umwambie akukatie kipande ukishike. Povu jeupe la EPS ni jepesi na la bei nafuu, lakini hulainika kwenye joto la nyuzi mia moja hivi, na likishika moto linatiririka na kutoa moshi mzito. Poliyurethani inazuia joto vizuri zaidi kwa unene uleule, ila moshi wake una sumu kali. Sufu ya mawe, wanayoiita rokwuli, ni nzito na ina bei, na ikilowa inapoteza kazi yake, lakini haiungui. Kwa darasa, bweni, wodi au jiko mimi sisaini kitu kingine. Brunel, yule mhandisi wa Uingereza, alipochora hospitali ya Renkioi mwaka 1855 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Crimea, wodi za mbao zilizotengenezwa Uingereza na kupelekwa Uturuki kwa meli, majiko aliyatenga na kuyajenga kwa chuma kwa hofu ya moto. Aliwaza pia mifereji, hewa na mteremko wa ardhi ambayo hakuwahi kuiona. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji litakuuliza maswali hayo hayo, na kwa bei ndogo sana ukilishirikisha mapema. Kibali cha ujenzi cha halmashauri nacho kinahitajika. "Linahamishika" siyo ruhusa.

Kama jengo linatoka nje ya nchi, nitasema machache. Bei ya CIF Dar es Salaam, yaani mzigo, bima na nauli ya meli, inaishia bandarini. Ushuru, VAT ya asilimia 18, wakala wa forodha, gharama za kukaa bandarini na usafiri wa ndani vinakungoja baada ya hapo. Pata makadirio ya wakala kwa maandishi kabla ya kuagiza. Hakikisha pia nyaraka zinalitaja jengo kama jengo lililotengenezwa tayari, chini ya namba 9406 kwenye jedwali la forodha, lisije likafika likiwa limetajwa vipande vipande kwa majina yasiyolingana.

Malipo yafuate kazi inayoonekana. Wauzaji wengi huomba nusu au zaidi mapema. Mimi hupendekeza kiasi kidogo baada ya michoro kukubaliwa, kingine fremu zikiwa zimechomelewa na mtu wako amezikagua kiwandani kabla paneli hazijazifunika, kingine zikifika, kingine zikisimama na umeme na maji vikifanya kazi. Na kiasi kibaki mkononi mwako hadi jengo lipite masika moja. Hakuna kipimo cha maungio ya paa kinachozidi mvua ya Aprili. Mwombe pia akuachie paneli mbili za akiba, mpira wa madirisha na kopo la rangi ileile, kwa sababu baada ya miaka mitatu rangi hiyo haitapatikana, na kutu huanzia pale bati lilipokatwa au kuchunwa.

Kuna swali ambalo wauzaji hawapendi niliulize, lakini ni haki kwa mnunuzi: je, unahitaji moduli kweli? Mwaka 2021 serikali ya Tanzania ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO-19, na kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20, kwa mafundi wa maeneo husika. Weka profoma yako kando ya kipimo hicho, ukiongeza kupanda kwa bei tangu wakati huo. Kijiji chenye mchanga, kokoto, mafundi na ardhi yake mwenyewe mara nyingi kitapata zaidi kwa tofali. Moduli inashinda pale ambapo muda una thamani kubwa, ardhi si yako, mafundi hawafiki, au huduma lazima iendelee wakati jengo la zamani linakarabatiwa. Hizo ni sababu nzuri na zinatosha. Kutaka kupiga picha siku ya uzinduzi haimo kati yake.

Umoja ule umeamua kugawa kazi. Chumba cha chanjo na stoo ya dawa vitakuwa moduli mbili za futi 20 zenye paneli za rokwuli, chini ya paa moja pana la bati, kwa sababu vinahitajika kabla ya masika. Vyoo, sehemu ya kusubiri na chumba cha uchunguzi vitajengwa kwa tofali na mafundi wa kijiji, kwa kipimo alichokichora nesi. Mzee ndiye anasimamia uchimbaji wa shimo. Muuzaji amekubali ukurasa wa safu mbili baada ya kuubishia kidogo kwenye suala la kreni, na malipo ya awali hayatatoka hadi vitalu vya zege vipimwe leveli mbele ya pande zote mbili.